Mzigo wa ng'ombe wengi: kutoka kwa Abramu hadi Ihefu

Ng'ombe anayeishia kwenye bakuli la supu Buguruni, Dar es Salaam, alfajiri amepita mnada wa Pugu na machinjio ya Vingunguti, jirani kabisa. Sisi wa mjini tunauliza bei ya kilo tu. Huko alikotoka, swali ni moja: alikunywa maji ya nani?

Swali hilo ni la kale. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 13, kinamwonyesha Abramu akitoka Misri na mifugo, fedha na dhahabu. Yeye na Lutu, mtoto wa ndugu yake, walikuwa na makundi ambayo nchi haikuweza kuyabeba, wachungaji wao wakagombana. Wala nchi haikuwa tupu. Wakanaani na Waperizi walikuwamo. Abramu, aliye mkubwa, akamwachia mdogo achague kwanza upande wa kwenda. Isaka, mwana wa Abramu, naye alitajirika mpaka mfalme Abimeleki akamwambia aondoke Gerari. Alichimba kisima, wachungaji wa Gerari wakakigombea. Cha pili, kikagombewa. Cha tatu ndicho walichomwachia. Esau, mwana wa Isaka, alihamia Seiri kwa sababu hiyo hiyo ya nchi kutotosha mifugo.

Kwetu Tanzania mzigo huo umemwaga damu. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Huko bonde la Usangu, mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lawama nyingi zikaangukia ng'ombe, ingawa mashamba ya mpunga ya umwagiliaji yalitumia maji ya bonde lile lile. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa Ihefu, ardhi oevu ya huko Usangu, wengi wakaelekezwa Lindi na Pwani. Wapo waliofilisika kwa faini na kwa mifugo iliyofia njiani. Waliofika Rufiji walikuta wakulima wenye mashamba yao, na ugomvi ukaanza upya.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo tulipokosea. Abramu alijinyima ili amani ipatikane. Sisi tulihamisha ng'ombe, ugomvi tukauacha mzima.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi yake. Basi viongozi wa wilaya, kaeni na wafugaji na wakulima pamoja, mpime malisho, mapito ya mifugo na malambo kabla kiangazi hakijawakutanisha kwenye maji.