Mpira wa nyumbani

Mpira wa nyumbani, Ficus elastica, ni mti wa ukoo wa mikuyu na mitini unaooteshwa kwenye chungu kwa ajili ya majani yake mapana, mazito na yenye kung'aa. Asili yake ni misitu yenye mvua nyingi ya Nepali, Bhutan, kaskazini-mashariki mwa Uhindi na Myanmar, hadi Malaysia na visiwa vya Sumatra na Java. Usichanganywe na Hevea brasiliensis, mpira wa mashambani unaolimwa Muheza mkoani Tanga, ambao ni wa familia moja na muhogo. Yote miwili hutoa utomvu mweupe. Katika karne ya 19 Ficus ilikuwa ikigemwa Assam, Uhindi, mpaka Hevea ikaipiku.

Porini mti huu hupita mita 30. Mara nyingi ndege huangusha mbegu kwenye tawi la mti mwingine, mche ukaota hukohuko juu na kuteremsha mizizi hewani hadi ardhini. Wakhasi wa Meghalaya, huko Uhindi, huielekeza mizizi hiyo ivuke mito, ikanenepa na kushikana ikawa madaraja hai yanayopitwa na watu kizazi baada ya kizazi. Mizizi ya namna hii inataka hewa, na hilo ndilo la kwanza kukumbukwa na anayeuweka mti huu sebuleni.

Mipira mingi ya ndani hufa kwa maji kuzidi. Majani ya chini yakianza kugeuka manjano na kupukutika, mwenye nyumba hudhani mti una kiu, akaongeza maji, na mizizi inayooza ikazidi kukosa hewa. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole kwenye udongo hadi pingili ya pili. Ukihisi unyevu, subiri. Udongo ukikauka, mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Hakuna ratiba ya siku inayofaa kila nyumba: Nairobi ya Julai, yenye baridi na mawingu, chungu hukauka polepole kuliko Dar es Salaam ya Februari. Udongo mzuri ni mwepesi, kwa mfano mboji iliyochanganywa na mchanga wa mtoni na makumbi ya nazi yaliyosagwa. Mizizi ikiwa imekwisha kuoza huwa myeusi, laini na yenye harufu. Ikatwe, na mti uhamishiwe kwenye udongo mpya.

Mahali pake ni karibu na dirisha lenye mwanga mwingi, hasa la mashariki. Jua kali la mchana likipenya kiooni huunguza majani, ilhali gizani shina hurefuka na majani huwa machache. Aina yenye madoa ya krimu, kama 'Tineke', huhitaji mwanga zaidi kuliko ile ya kijani kibichi. Ukishapata mahali panapoufaa, uache hapo: kuhamishwahamishwa na baridi ya chini ya nyuzi 12 hivi za Selsiasi huuangusha majani.

Jani jipya huja limeviringwa ndani ya ala nyembamba iliyochongoka, mara nyingi nyekundu. Jani likikunjuka, ala hukauka na kudondoka yenyewe. Isivutwe, kwa kuwa jani changa huchanika kirahisi. Majani yaliyokomaa yapanguswe kwa kitambaa chenye maji matupu. Kuyapaka mafuta ili yameremete ni desturi mbaya, maana mafuta hunasa vumbi. Wakati wa kupangusa, geuza jani uangalie upande wa chini: vidugamba, vidung'ata na utitiri hujificha hapo, na utitiri huzidi penye hewa kavu ya kiyoyozi. Wakiwa wachache huondolewa kwa maji ya sabuni laini.

Mti ukikaribia dari, kata kilele juu kidogo ya kifundo cha jani, nao utatoa matawi. Vaa glavu, kwani utomvu huwasha ngozi, na paka au mbwa akitafuna majani hudhurika. Kipande kilichokatwa, chenye jani moja au mawili, huoshwa utomvu na kuchomekwa kwenye mchanga wenye unyevu ili kiote. Kwa shina nene, njia ya uhakika zaidi ni kulikwangua ganda kuzunguka, kulifunga makumbi ya nazi yenye unyevu na nailoni, na kulikata shina hilo mizizi ikishaonekana.