Pasipoti ya Anglo Leasing: mkataba uliokosa tarakimu ya ukaguzi

Leo tunaweka programu kando kidogo tuzungumze historia. Si historia ya kale. Ni ya mwaka 2003 na 2004, na ndani yake mna kompyuta, mna idara ya uhamiaji, mna mabalozi waliokasirika, na mna pesa zetu. Watu wengi wanalijua jina tu: Anglo Leasing. Ukiwauliza ilikuwa nini hasa, watakwambia "ufisadi", basi. Lakini ilianza kama mradi wa teknolojia, na sisi tunaoandika programu tuna sababu ya kuijua kwa undani kuliko wengine.

Tuanze na kitu unachoweza kukishika mkononi. Chukua pasipoti, fungua ukurasa wenye picha. Chini kabisa kuna mistari miwili ya herufi kubwa, namba na vialama vinavyofanana na kichwa cha mshale. Kila mstari una nafasi 44. Sehemu hiyo imewekwa ili isomwe na mashine, kwa kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO. Ndani ya mistari hiyo kuna tarakimu chache ambazo si jina lako wala si namba yako. Hizo ni tarakimu za ukaguzi.

Zinafanyaje kazi? Tuchukue siku ya Uhuru wetu, 12 Desemba 1963. Kwenye pasipoti tarehe hiyo ingeandikwa 631212. Zidisha tarakimu hizo kwa 7, 3, 1, 7, 3, 1, kwa mpangilio huo. Unapata 42, 9, 1, 14, 3 na 2. Jumla ni 71. Gawanya kwa 10, kinachobaki ni 1. Hiyo 1 ndiyo inayoandikwa mwishoni mwa tarehe. Sasa mtu akikosea akaandika 631221, jumla inakuwa 73, na kinachobaki ni 3. Mashine inakataa papo hapo. Hesabu ya darasa la sita, lakini inafanya kazi katika viwanja vya ndege vya dunia nzima.

Weka hilo akilini, tutalirudia.

Sasa twende kwenye kisa chenyewe. Serikali ya Kenya ilikuwa imetaka kubadilisha mfumo wa kuchapa pasipoti tangu miaka ya tisini. Haja ilikuwepo kweli. Pasipoti za zamani zilikuwa rahisi kughushi, na watu wa huku kwetu wanajua shida ya kuipata. Huku Rongai, na ninasema Rongai ya Nakuru, si ile Ongata Rongai ya Kajiado, mtu aliyetaka pasipoti miaka hiyo alipanda matatu hadi mjini Nakuru, akaunganisha nyingine hadi Nairobi, akapanga foleni Nyayo House, kisha akarudi nyumbani kusubiri. Mwanariadha aliyepata mwaliko wa mbio Ulaya alisubiri. Mwanafunzi aliyepata nafasi ng'ambo alisubiri. Kwa hiyo mtu aliyesema "tununue mfumo mpya wa kompyuta" alikuwa anasema jambo la maana.

Mwaka 2000 zabuni ilitangazwa. Kampuni moja ya Ufaransa ilitaja bei ya yuro milioni 6 hivi. Zabuni ile haikufika mwisho. Desemba 2002 serikali ikabadilika. Rais Moi alistaafu akarudi nyumbani kwake Kabarak, ambako ni eneo hili hili la Rongai, na Mwai Kibaki akaapishwa akiwa kiongozi wa NARC, kwa ahadi ya kumaliza ufisadi. Mwezi uliofuata akamteua John Githongo kuwa katibu wa kudumu wa utawala bora na maadili. Watu walifurahi.

Lakini Desemba 2003, kabla serikali mpya haijatimiza mwaka, mkataba wa mfumo wa pasipoti ulitiwa saini na kampuni iliyojiita Anglo Leasing and Finance. Bei sasa ilikuwa yuro 31,890,000. Zaidi ya mara tano ya ile ya Wafaransa. Na kazi yenyewe ingefanywa na nani? Na kampuni ile ile ya Ufaransa, ikipewa kazi na Anglo Leasing. Soma tena taratibu. Mfanyakazi ni yule yule, kazi ni ile ile. Katikati amewekwa mtu mmoja wa kupokea pesa.

Utasema, labda huyo wa katikati alikuwa anatoa mkopo. Ndivyo mkataba ulivyodai. Anglo Leasing ingegharamia mradi, na Kenya ingelipa polepole pamoja na riba. Ila kabla ya kazi yoyote kuanza, Kenya ilitakiwa kulipa asilimia 3 ya bei kama ada ya kuthibitisha mkopo. Piga hesabu: asilimia 3 ya 31,890,000 ni yuro 956,700. Kiasi hicho kililipwa. Kwa maneno ya kawaida, aliyetakiwa kutukopesha ndiye tuliyemtangulizia pesa.

Na huyu mkopeshaji aliishi wapi? Anwani iliyotolewa ilikuwa jengo moja katika mtaa wa Upper Parliament, mjini Liverpool. Uchunguzi ulipofanywa, hakuna kampuni iliyopatikana imesajiliwa Uingereza kwa jina hilo. Fikiria wewe unajenga tovuti ndogo ya chama cha akiba, na kabla ya kumlipa mwenye seva unaangalia kama kampuni yake ipo. Kazi ya dakika tano. Hapa ilikuwa mamilioni ya yuro, na hakuna aliyetazama, au aliyetazama alinyamaza.

Walifanyaje wasiulizwe? Kwa maneno mawili: usalama wa taifa. Mradi wa pasipoti uliwekwa katika kundi la miradi ya usalama, pamoja na maabara ya uchunguzi wa jinai ya polisi na mingine. Ukishasema ni siri ya usalama, zabuni haitangazwi, wapinzani hawaulizi bei, na mhasibu anaambiwa asichungulie. Baadaye mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali alichunguza mikataba 18 ya aina hii, iliyofikia kama shilingi bilioni 56. Mingine ilitiwa saini chini ya KANU, mingine chini ya NARC. Aliyekuwa ikulu alibadilika, lakini mtindo wa mikataba uliendelea ule ule.

Sasa tazama jinsi ilivyogunduliwa. Si kompyuta iliyogundua. Habari zilivuja kutoka ndani ya serikali, na Aprili 2004 Maoka Maore, mbunge wa Ntonyiri, akaweka nyaraka mezani Bungeni. Githongo naye alikuwa ameanza kuuliza maswali. Kisha likatokea jambo la ajabu. Mwezi wa Mei 2004, zile yuro 956,700 zilirudi serikalini. Zote. Hapakuwa na barua ya kampuni yenye ofisi na mkurugenzi anayejulikana. Mwezi uliofuata pesa za mradi wa maabara ya polisi nazo zikarudishwa. Kwa mujibu wa Githongo, baadhi ya wakubwa walimwambia kwamba kwa kuwa pesa zimerudi, basi jambo limekwisha. Ukiona mwizi anarudisha kuku usiku, je, hutataka kujua alikuwa nani?

Hapo ndipo mabalozi wakaingia. Tarehe 13 Julai 2004, Edward Clay, balozi wa Uingereza, alihutubia wafanyabiashara wa nchi yake Nairobi. Akasema kwamba wakubwa wanakula kwa ulafi hadi wanatapika juu ya viatu vya wafadhili. Kauli hiyo ilizua kelele. Waziri wa mambo ya nje, Chirau Ali Mwakwere, alimwita aeleze. Februari 2005 Clay akazungumza tena, akasema anajuta kwamba lugha yake ya kwanza ilikuwa ya upole mno, na akaeleza kwamba ameikabidhi serikali orodha ya mikataba 20 ya kutiliwa shaka.

Siku chache baadaye, tarehe 7 Februari 2005, Githongo alijiuzulu akiwa London. Marekani ikasimamisha dola milioni 2.5 ilizokuwa imetenga kusaidia vita dhidi ya ufisadi. Ujerumani nayo ikazuia msaada wake. Mwaka huo huo maofisa wakuu kadhaa, akiwemo katibu wa kudumu aliyekuwa na dhamana ya idara ya uhamiaji, walifikishwa mahakamani.

Silaha iliyowauma zaidi wakubwa haikuwa kukatwa kwa misaada. Ilikuwa viza. Julai 2005 Uingereza ilimzuia Chris Murungaru, aliyekuwa waziri wa usalama wa ndani kabla ya kuhamishiwa uchukuzi, kuingia nchini humo. Yeye alikana kosa lolote na akapinga uamuzi huo mahakamani. Waone basi: sakata lililoanza na kitabu cha kusafiria likageuka mzozo wa nani anaruhusiwa kusafiri.

Kwa sisi wa kompyuta jambo hili lina mantiki yake. Pasipoti si karatasi nzuri tu. Ni barua ambayo serikali moja inaiandikia serikali nyingine ikisema: huyu namjua, mwaminini kwa neno langu. Ni kama cheti cha usalama cha tovuti. Kivinjari chako hakikijui kila kituo cha wavuti duniani, kinamwamini aliyetoa cheti. Mtoa cheti akibainika anauza vyeti mlango wa nyuma, vyeti vyake vyote vinashukiwa, pamoja na vile vya halali. Ndivyo ilivyo kwa uhamiaji. Wakubwa wakichezea ofisi inayotoa pasipoti, anayeulizwa maswali mengi kwenye dirisha la ubalozi ni yule mwanafunzi wa Rongai ambaye hakula hata senti.

Mambo yaliendelea. Januari 2006 maelezo marefu ya Githongo yalichapishwa magazetini. Tarehe 1 Februari 2006 David Mwiraria, waziri wa fedha, alijiuzulu, na wiki mbili baadaye Kiraitu Murungi akaondoka kando. Wote wawili walikana kuhusika, na Kiraitu alirudi katika Baraza la Mawaziri Novemba mwaka huo. Kamati ya Bunge ya hesabu za serikali ilimsikiliza Githongo huko London. Mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa kiongozi wa upinzani, Uhuru Kenyatta. Kumbuka jina hilo.

Wachunguzi wa makosa makubwa ya ulaghai wa Uingereza nao walifungua jalada lao, lakini Februari 2009 walilifunga kwa kukosa ushahidi kutoka Kenya. Kesi za Nairobi zilivutwa miaka mingi, na baadhi ziliishia kwa washtakiwa kuachiliwa.

Kisha ikaja 2014. Kampuni mbili kutoka kundi la mikataba ile, First Mercantile na Universal Satspace, zilikuwa zimeishtaki Kenya Ulaya na kushinda. Mikataba yao ilikuwa ya mwaka 2002, ya kuunganisha ofisi za posta kwa setilaiti. Kenya ilitaka kuuza hati za mkopo kwenye soko la kimataifa, na deni lililoamuliwa na mahakama lilikuwa kikwazo. Mei 2014 Rais Uhuru Kenyatta, yule yule mwenyekiti wa kamati, aliagiza zilipwe, shilingi bilioni 1.4. Mwezi uliofuata Kenya ikapata dola bilioni 2 sokoni. Pasipoti ya kielektroniki yenyewe ilianza kutolewa mwaka 2017, miaka 14 baada ya ule mkataba wa Desemba 2003.

Sasa turudi kwenye tarakimu ya ukaguzi. Uzuri wake ni kwamba haitegemei uaminifu wa anayeandika. Inapatikana kutokana na data yenyewe, na yeyote anaweza kuihesabu upya. Mkataba wa Anglo Leasing haukuwa na kitu kama hicho. Bei haikulinganishwa na ile ya zabuni ya kwanza. Jina halikulinganishwa na daftari la kampuni. Neno "siri" liliwekwa ili mtu wa nje asiweze kuhesabu upya. Waliokagua mwishowe walikuwa binadamu: waliovujisha nyaraka, mbunge mmoja, katibu mmoja aliyelazimika kukimbilia ng'ambo. Ni gharama kubwa mno kwa kazi ambayo ingefanywa na ukurasa mmoja unaosomwa na umma.

Kwa hiyo ndugu yangu unayejenga mifumo, hasa wewe unayeitwa kaunti au wizarani kuandaa maelezo ya mradi, uliza maswali manne kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu. Anayelipwa ni nani, na amesajiliwa wapi? Anayefanya kazi ni nani? Bei ya kwanza ilikuwa ngapi? Na kwa nini mwananchi haruhusiwi kuuona mkataba? Wakikujibu kwamba swali la mwisho ni la usalama wa taifa, rudi ukahesabu upya yale matatu ya kwanza.