Upozaji wa kadi ya michoro

Upozaji wa kadi ya michoro ni kazi ya kuondoa joto linalotokea katika kadi ya michoro ya kompyuta ili chipu yake isipite halijoto inayoruhusiwa. Kazi hiyo ni ya lazima kwa karibu kila kadi ya siku hizi, lakini huwa na uzito zaidi pale mtumiaji anapotaka kufanya ovaklokingi, yaani kuiendesha chipu kwa kasi ya saa iliyo juu kuliko ile iliyowekwa kiwandani. Kadi isiyopozwa vizuri hupiga kelele, hujipunguzia kasi, huzima kompyuta katikati ya kazi, na baada ya muda yaweza kufa kabisa.

Chanzo cha joto

Karibu umeme wote unaoingia katika kadi ya michoro hugeuka kuwa joto. Kadi hainyanyui mzigo wala haisukumi gari; kitu pekee kinachozunguka ndani yake ni feni. Kwa hiyo kadi inayotumia wati 300 hupasha chumba sawa na balbu tano za zamani za wati 60, ila joto hilo lote hutoka katika eneo dogo kuliko kiganja cha mtoto.

Nguvu inayotumiwa na transista za chipu hulingana na marudio ya saa na pia na mraba wa volteji. Hapa ndipo wengi wanaoanza ovaklokingi hukosea. Mtu akipandisha marudio kwa asilimia 10 na volteji kwa asilimia 5, nguvu huongezeka mara 1.10 × 1.05 × 1.05, yaani kwa asilimia 21 hivi. Kasi imepanda kidogo, joto limepanda maradufu ya kiasi hicho. Tena, transista zikipata moto huvujisha umeme zaidi hata zisipofanya kazi, na umeme huo uliovuja nao ni joto. Joto huzaa joto, na kwa sababu hiyo kadi ileile ikipozwa vizuri hutumia wati pungufu kwa kazi ileile.

Historia

Chipu za kadi ya Voodoo Graphics ya kampuni ya 3dfx, iliyotoka mwaka 1996, zilifanya kazi kwa megahezi 50 bila feni. Miaka michache baadaye feni ilikuwa kitu cha kawaida. Mwaka 2003 Nvidia ilitoa GeForce FX 5800 Ultra, ambayo kipozaji chake kilichukua nafasi ya kadi mbili na kupiga kelele kiasi cha kufananishwa na mashine ya kufyonza vumbi. Wafanyakazi wa Nvidia wenyewe walitengeneza filamu fupi ya kuitania kadi yao.

Mwaka 2010 ilifuata GeForce GTX 480 yenye kiwango cha wati 250, iliyojulikana kwa moto wake. Radeon R9 290X ya AMD, mwaka 2013, ilipangwa kufanya kazi kwa nyuzi 95 za Selsiasi, na kadi zenye kipozaji cha kiwandani zilishuka chini ya megahezi 1000 zilizotangazwa kila zilipofika hapo. Wanunuzi walilalamika, na walikuwa na haki: kasi iliyoandikwa kwenye boksi ilitegemea upozaji ambao hawakupewa. Mwaka uliofuata AMD iliuza R9 295X2 ya wati 500 ikiwa tayari na upozaji wa maji. GeForce RTX 4090 ya mwaka 2022 ina kiwango cha wati 450.

Badiliko kubwa kwa wapenda ovaklokingi lilikuja mwaka 2012 na GeForce GTX 680, iliyoleta utaratibu wa kadi kujipandishia kasi yenyewe maadamu kuna nafasi ya nguvu na halijoto. Tangu hapo, kuipoza kadi vizuri zaidi kunaweza kuipandisha kasi bila mtu kugusa mpangilio wowote.

Njia ya joto

Joto hutoka katika chipu, hupita katika pesti ya kupozea, huingia katika bamba la shaba, husafiri kwenye mirija ya joto hadi mapezi ya alumini, hupokelewa na hewa ya feni, kisha hutoka nje ya boksi la kompyuta. Kiungo kimoja kikiwa kibovu, vingine vyote haviwezi kukifidia. Mtu hununua feni kubwa kumbe pesti imekauka. Mwingine hubadilisha pesti kumbe boksi halina pa kutolea hewa.

Shaba hupitisha joto kwa takriban wati 400 kwa mita kwa kila nyuzi, alumini kama 237, ilhali hewa iliyotulia ni 0.026 tu. Hata chuma kilicholainishwa kina mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho, na mabonde hayo yakijaa hewa joto hukwama. Kazi ya pesti ni kuifukuza hewa hiyo. Pesti yenyewe hupitisha joto vibaya sana ikilinganishwa na shaba, kwa hiyo inatakiwa iwe nyembamba.

Mirija ya joto ni mabomba ya shaba yaliyofungwa pande zote, yenye maji kidogo ndani na hewa imeondolewa. Maji huchemka upande wa chipu kwa halijoto ya chini, mvuke hukimbilia upande wa baridi, hugeuka maji tena na kurudi kupitia utambi ulio ndani. Chemba ya mvuke hufanya kazi vivyo hivyo, ila ni bapa. Mapema mwaka 2023 baadhi ya kadi za Radeon RX 7900 XTX zilionekana kufika nyuzi 110, na AMD ilikiri kwamba chemba za mvuke za fungu fulani zilikuwa na maji pungufu. Wenye kadi hizo walibadilishiwa.

Kuboresha upozaji

Hatua ya kwanza ni kupima. Programu kama GPU-Z, HWiNFO na MSI Afterburner huonyesha halijoto ya chipu, kasi ya feni na wati zinazotumika. Kwa kadi nyingi mpya huonyesha pia sehemu yenye moto mkali kuliko zote ndani ya chipu, na halijoto ya kumbukumbu. Tofauti kati ya wastani wa chipu na sehemu hiyo ikizidi sana, mara nyingi pesti imesogea au kipozaji hakikukaa sawa.

Vumbi ndilo adui wa kawaida, hasa katika nyumba ambazo madirisha hushinda wazi. Hukaa katikati ya mapezi kama blanketi. Husafishwa kwa brashi laini au bloa, kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Feni izuiwe kwa kidole isizunguke, kwani hewa kali huizungusha kupita kiasi na kuharibu bearingi zake.

Kisha huangaliwa boksi. Mita moja ya ujazo ya hewa kwa dakika, ikibeba wati 300, hupata moto kwa nyuzi 15 hivi. Hewa ikipungua nusu, ongezeko huwa 30. Kadi iliyofungiwa boksini huishia kuvuta hewa yake yenyewe ya moto. Jaribio rahisi ni kufungua ubavu wa boksi na kutazama: halijoto ikishuka kwa nyuzi nyingi, tatizo si la kadi.

Kubadilisha pesti kunahitaji kufungua kipozaji. Pesti ya zamani hufutwa kwa alkoholi ya isopropili, mpya hupakwa kiasi, na skrubu hukazwa kwa kupishana pembe kwa pembe ili bamba lisiinamie upande mmoja. Pedi za joto zinazokaa juu ya chipu za kumbukumbu na saketi za kurekebisha umeme lazima ziwe na unene uleule wa zile za awali. Pedi nene mno hukiinua kipozaji kikaachana na chipu. Nyembamba mno huiacha kumbukumbu bila mguso. Watu wengi wameua kadi nzima kwa kosa la nusu milimita. Metali ya kimiminika yenye galiamu hupitisha joto kuliko pesti, lakini galiamu huila alumini, na tone moja likianguka kwenye saketi husababisha shoti.

Wengine huondoa feni za kiwandani pamoja na plastiki yake na kufunga feni mbili za milimita 120 juu ya mapezi. Si jambo la kupendeza kwa macho, lakini feni kubwa husukuma hewa ileile kwa mizunguko michache na kelele kidogo.

Upozaji wa maji hufuata kanuni ya injini ya gari: pampu huzungusha maji kutoka kwenye chipu hadi rejeta yenye feni. Lita moja kwa dakika ikibeba wati 300 hupanda nyuzi 4.3 tu. Hata hivyo maji hayaondoi joto duniani, hulihamisha tu. Rejeta ndogo hurudisha tatizo palepale.

Njia isiyogharimu chochote ni kupunguza volteji. Viwanda huweka volteji ya kutosha hata kwa chipu dhaifu, kwa hiyo nyingi hufanya kazi sawasawa kwa kiwango cha chini kidogo. Kwa kompyuta ya kazi au masomo, njia hii ina faida kuliko ovaklokingi.

Joto la mazingira

Kipozaji cha kawaida hakiwezi kuishusha chipu chini ya halijoto ya chumba. Kipozaji chenye ukinzani wa nyuzi 0.2 kwa wati, kikibeba wati 200, huiweka chipu nyuzi 40 juu ya chumba: 62 katika chumba cha nyuzi 22, na 72 katika chumba cha nyuzi 32 kama vilivyo vingi Dar es Salaam au Mombasa. Vipimo vinavyotangazwa na majaribio ya Ulaya vinapaswa kusomwa kwa kuongeza tofauti hiyo.

Mashindano ya ovaklokingi hutumia nitrojeni ya maji, inayochemka kwa nyuzi −196. Hapo hatari huwa unyevu. Katika hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, kitu chochote chenye nyuzi chini ya 26 hutoka jasho, kama chupa ya soda baridi. Maji hayo juu ya saketi yenye umeme huiharibu mara moja, na nitrojeni yenyewe huunguza ngozi na kuiondoa oksijeni katika chumba kilichofungwa.

Madhara ya joto

Chipu za siku hizi hujilinda kwa kupunguza kasi na mwishowe kujizima, kwa hiyo si rahisi kuunguza kadi kwa saa moja. Madhara huja polepole. Kupata moto na kupoa kila siku hutanua na kusinyaza vifaa kwa viwango tofauti, na viungo vya lehemu hupata nyufa. Mwaka 2008 Nvidia ilitenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za kompyuta mpakato zilizoharibika kwa namna hiyo.

Kadi za GeForce RTX 3080 na 3090 zilizotumika kuchimba sarafu ya Ethereum hadi Septemba 2022 zilikuwa na kumbukumbu zilizofanya kazi karibu na nyuzi 110 usiku na mchana, na nyingi ziliuzwa baadaye kama mitumba. Mnunuzi wa kadi kama hiyo hupima halijoto ya kumbukumbu ikiwa chini ya mzigo kabla ya kulipa, na hutenga fedha za pedi mpya.

Desturi ya kuoka kadi iliyokufa katika oveni haifai. Pengine huamka kwa siku chache, kwa kuwa moto umegusisha tena nyufa, kisha hufa tena. Na moshi wa plastiki na lehemu hubaki katika oveni inayopikiwa chakula.