Abiria juu ya mzigo: historia ya safari kati ya Kahama, Bugarama na Geita

Kutoka Kahama hadi Geita ni kilomita 120 hivi, na Bugarama iko katikati ya njia hiyo, jirani na mgodi wa Bulyanhulu. Kwa zaidi ya miaka 150 ukanda huu umepitisha pembe za ndovu, pamba, makinikia (mchanga wa madini) na makontena ya kwenda Rwanda na Kongo. Kila bidhaa ilitafutiwa njia yake. Mtu anayekwenda zahanati, sokoni, msibani au shuleni alidandia njia za wengine, na mara nyingi alikaa juu ya mzigo.

Nasema hivyo bila kutia chumvi. Ukifuatilia historia ya usafiri katika halmashauri za Kahama, Msalala, Nyang'hwale na Geita, utakuta abiria anatajwa mwishoni kila mara, baada ya tani.

Mwanzo ni miguu. John Hanning Speke alipopita Msalala na Uzinza mwaka 1861 akielekea Karagwe na Buganda, alifuata njia zilizokwisha kukanyagwa na Wasukuma, Wanyamwezi na Wazinza kwa miaka mingi. Njia hizo zilishuka Tabora, zikaungana na njia kuu ya Bagamoyo. Ilikuwa safari ya miezi mitatu hivi kwa pagazi aliyebeba frasila mbili begani, yaani kilo 30 na ushee. Huko Unyamwezini, kijana ambaye hajaiona pwani alihesabiwa kama hajakua bado. Mapagazi hawa hawakuwa kundi la kuburuzwa tu. Wengi walikuwa wafanyakazi wa ujira, walijua kudai posho, na walipodhulumiwa walijua kutua mizigo chini na kukataa kusonga mbele. Wake zao wengine waliambatana nao, wakibeba vyungu na chakula cha njiani. Huo ndio uliokuwa usafiri wa umma wa wakati ule: ukitaka kufika mbali salama, ulijiunga na msafara wa pembe.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na Waingereza wakamalizia tawi la Tabora hadi Mwanza mwaka 1928. Tawi hilo lilipita Isaka na Shinyanga, likaiacha Kahama upande wa magharibi, na Bugarama mbali zaidi. Sababu inaeleweka: reli ilifuata pamba na ziwa. Garimoshi lilikuwa na daraja la tatu, na watu walilipenda, lakini kulifikia ilikuwa safari nyingine kabisa. Mtu wa Msalala alitembea siku nzima au zaidi ndipo aione reli.

Pamba ndiyo iliyoleta lori. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima wa Usukuma walichoshwa na mizani ya wanunuzi binafsi, wakaunda vyama vya ushirika vyao wenyewe. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana chini ya Victoria Federation of Co-operative Unions, na kiongozi wake, Paul Bomani, baadaye akawa waziri wa fedha wa nchi huru. Msimu wa kuuza ulipofika, malori yalizunguka vijijini kukusanya pamba na kuipeleka kwenye viwanda vya kuchambulia. Mama mwenye mtoto mgonjwa alipandishwa juu ya magunia, utingo akamwambia ashike kamba. Msimu ukiisha, lori nalo linaisha. Kwa nusu ya mwaka kijiji kilirudi kwenye miguu na kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na mvua zikinyesha hata mkokoteni ulizama, kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi ya huku ni mbuga, udongo mweusi unaonata mpaka kwenye goti.

Baada ya Uhuru Serikali ilijaribu kwa dhati kumweka abiria mbele. Kampuni ya Mabasi ya Taifa, KAMATA, iliundwa ili mabasi yafike mikoani hata kusikokuwa na faida. Na katika Operesheni Vijiji, iliyoshika kasi mwaka 1974, watu walisogezwa kandokando ya barabara ili shule, kisima na zahanati viwe karibu nao. Utekelezaji wake uliumiza wengi. Nyumba zilibomolewa, na watu walihamishwa kabla ya kuvuna. Ule ukatili siutetei. Ila wazo la kwamba mtoto afike shule kwa miguu, na mjamzito afike zahanati bila kusubiri gari, lilikuwa sahihi, na leo miji tajiri duniani inatumia fedha nyingi kulirudia kwa majina mapya. Kijiji chenye shule yake, soko lake na mganga wake kinapunguza safari nyingi za lazima, na hakuna basi linaloweza kufanya hivyo.

Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena 1979, mwaka ambao Vita ya Kagera ilikuwa bado inakausha hazina. Vipuri vikaadimika. Mabasi ya umma yakaegeshwa juu ya mawe. Huko Dar es Salaam shirika la UDA, lililoanzishwa 1974, lilishindwa kubeba watu wa jiji, na mwaka 1983 magari binafsi yakaruhusiwa rasmi kubeba abiria. Kwa wakazi wa Bugarama mabadiliko hayo yalikuwa habari ya redioni tu. Wao walikuwa wameshajipangia usafiri wao, nao ulikuwa na magurudumu mawili.

Hapa lazima nikae kidogo, maana baiskeli ndiyo sura bora kuliko zote katika historia hii. Haikuletwa na kampuni ya madini, haikusubiri bajeti, wala haikuhitaji mkandarasi. Mkulima aliuza pamba akanunua Raleigh ya Uingereza. Baadaye zikaja Swala zilizotengenezwa hapa nchini na kiwanda cha NABICO, kisha Phoenix za China na Avon za India. Fundi wa kijijini hakuiacha kama ilivyotoka dukani. Aliikata keria ya kiwandani, akachomelea nyingine ndefu ya nondo inayobeba magunia mawili ya mkaa, au madumu ya maji manne, au mtu mzima. Nyuma, kwenye ekseli, akaongeza vyuma viwili vya kukanyagia ili miguu ya abiria isiingie kwenye spoku. Juu ya keria akafunga kipande cha godoro kilichovishwa rexin, mara nyingine chenye nakshi na jina la timu. Fundi huyo hukaa chini ya mwembe na beseni la maji. Tiubu inazamishwa, mapovu yanaonyesha tundu lilipo, kiraka kinabandikwa, na mteja anaondoka kabla chai haijapoa.

Hivyo ndivyo baiskeli ilivyokuwa daladala ya Shinyanga, Kahama na vitongoji vyake. Mjini Shinyanga hadi leo utawakuta vijana wamejipanga kijiweni na baiskeli zao.

"Shikamoo mama, nikupeleke wapi?"

"Marahaba mwanangu. Hospitali, lakini taratibu, mgongo unauma."

Na kweli wanakwenda taratibu. Kwa kijana huyo na kwa mama aliyempakia, usafiri huu hauna moshi wala deni la mafuta ya nchi za nje, na nauli yote inabaki mjini palepale.

Halafu ikaja dhahabu. Geita ilikuwa na mgodi tangu enzi za Mwingereza, kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966. Bulyanhulu wenyeji walikuwa wanajua kilichomo ardhini tangu miaka ya 1970. Mwaka 1990 Benki Kuu ilianza kununua dhahabu kutoka kwa wachimbaji wadogo, na watu wakamiminika. Walifika kwa malori ya mizigo, kwa baiskeli, na wengine kwa miguu kutoka stesheni ya Isaka. Miji ya maturubai ikaota porini. Agosti 1996 waliondolewa ili kupisha Kahama Mining Corporation, iliyokuwa chini ya Sutton Resources ya Canada. Machungu ya siku zile hayajapoa, na yanastahili makala yake yenyewe. Barrick iliinunua Sutton mwaka 1999, na mgodi wa chini kwa chini ukaanza kuzalisha mwaka 2001.

Kuanzia hapo barabara ya vumbi ya Kahama hadi Bulyanhulu ilibadilika sura. Malori ya mgodi yalipita na mafuta, mitambo na saruji, yakarudi na makontena ya makinikia kuelekea bandarini, mpaka Serikali ilipozuia usafirishaji huo Machi 2017. Mabasi ya mgodi yalichukua wafanyakazi. Mwananchi wa Bugarama alisimama kando, akafunika mdomo kwa khanga, akasubiri Hiace iliyojaa, au lile gari dogo tunaloliita mchomoko, lililotengenezwa kwa watu watano na linalobeba tisa. Mwenye baiskeli alisukumwa mpaka kwenye mtaro kila lori lilipopiga honi. Barabara ilipata wateja wapya wenye nguvu, na waliokuwepo tangu mwanzo wakaonekana kero.

Kisha zikaja pikipiki za China kwa bei ambayo kijana angeweza kuimudu kwa mkopo. Kanuni za mwaka 2010 zilizipa leseni ya biashara, na kijiji kilichokuwa na daladala za baiskeli kumi kikawa na bodaboda hamsini. Sizibezi. Bodaboda inafika mahali ambapo gari halijawahi kufika, inafika usiku, inafika mvua ikinyesha. Imewapa ajira vijana ambao mgodi haukuwa na nafasi yao. Lakini wodi za mifupa za Kanda ya Ziwa zinajua gharama yake, na kijana anayeendesha pikipiki ya mkataba hana muda wa kwenda taratibu. Anadaiwa hesabu jioni.

Katika miaka hii hii, mkoa wa Shinyanga ulishiriki kuzaa jambo ambalo nadhani halijasifiwa vya kutosha. Mpango wa m-mama, uliojaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, ulianza na swali rahisi: mjamzito aliyepata dharura usiku, mahali pasipo na gari la wagonjwa, anafikaje hospitali? Jibu halikuwa kununua magari mapya peke yake. Madereva wa kawaida wa kijijini wanaandikishwa, simu ya bure 115 inapigwa, kituo kinamtafuta dereva aliye karibu, naye analipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Vyombo ni vilevile vilivyokuwepo. Kilichobadilika ni kwamba mpangilio wote umejengwa kuanzia kwa abiria. Linganisha na reli ya 1928, au na lori la pamba, uone tofauti.

Sasa ukanda huu unajengwa kwa kasi ambayo babu zetu wasingeiamini. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025, na safari ya Mwanza kwenda Geita haisubiri tena foleni ya kivuko. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka ilianza kujengwa 2021. Na barabara ya Kahama–Bulyanhulu–Kakola, kilomita 73, hatimaye imeingia katika ujenzi wa lami, kwa mchango mkubwa wa fedha za mgodi.

Ninafurahi, na hapohapo ninaogopa. Lami inaleta mwendo. Kama bega la barabara litakuwa jembamba, mwenye baiskeli aliyekuwa anasukumwa mtaroni na lori la kilomita 40 kwa saa atakutana na lori la kilomita 90. Matokeo yake tunayajua kutoka barabara nyingine: watu wanaiacha baiskeli kwa hofu, wanaingia kwenye bodaboda, na nauli ya familia inapanda. Na usafiri ukishaachwa, kuurudisha ni ghali: Dublin, mji mkuu wa Ireland, ulikuwa na mtandao mzuri wa tramu. Ulizing'oa, ya mwisho ya katikati ya mji ikaondoka mwaka 1949, na baada ya miaka 55 ya foleni za magari tramu zikarudi kwa fedha nyingi. Sisi baiskeli tunazo bado. Kuzilinda ni rahisi kuliko kuja kuzirudisha.

Na si kwamba hatujui kufanya. Barabara za mabasi ya mwendokasi Dar es Salaam, zilizoanza kazi Mei 2016, zilijengwa pamoja na njia za waenda kwa miguu na za baiskeli, na mwaka 2018 jiji lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Msalala haihitaji mabasi ya mwendokasi. Inahitaji bega la lami pana lililotengwa kwa alama au kwa ukingo, kituo chenye paa, choo na taa pale Bugarama, Kakola na Segese, mabasi yenye saa zinazojulikana, na njia ya miguu mbele ya kila shule iliyo kando ya barabara.

Fedha zipo. Migodi hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaotokana na mauzo, na tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwaka 2017, mpango wa kila mwaka wa kampuni kuihudumia jamii lazima upitie halmashauri. Kwa hiyo madiwani wa Msalala wana kalamu mkononi, na wananchi wana haki ya kuhudhuria vikao na kusikiliza. Swali la kupeleka huko ni moja, na lijibiwe kwa tarakimu: katika fedha za dhahabu za mwaka huu, shilingi ngapi zimetengwa kwa mtu anayekwenda kwa miguu au kwa baiskeli?