Mumiani na Hofu za Zama

Ndugu msomaji, kila zama na kitisho chake, na kitisho hutoboa siri ambayo watu hawakuthubutu kuisema wazi.

Zamani mumiani ilikuwa dawa tu, kitu cheusi kama lami, tiba ya mifupa iliyovunjika. Ulipokuja utawala wa Waingereza neno likageuka: mumiani akawa mtu, mnyonya damu wa usiku, na zimamoto wa Dar es Salaam wakadhaniwa ndio watumishi wa kazi hiyo. Kwa nini wao? Walikuwa na sare, gari jekundu na amri ya serikali. Na Kariakoo yenyewe ina jina la kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, ambao wengi walichukuliwa wasirudi. Waliokwisha kuona hayo hawakushindwa kuamini kuwa serikali inakunywa damu.

Lakini uvumi hauna macho. Mwaka 1959 huko Buguruni zilizuka ghasia za mumiani, na askari polisi mmoja Mwafrika akauawa. Hakuwa mnyonya damu. Alikuwa mtoto wa watu.

Zama zikageuka tena. Katika sinema za Kiswahili za miaka ya 2000, kama Shumileta ya mwaka 2005, mwenye kutisha ni jini katika sura ya mwanamke mrembo. Hofu imetoka kwa mtawala, imeingia nyumbani.

Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuichunguza habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Basi mwanao akikuletea kitisho, usimcheke, wala usimsadiki papo hapo. Muulize: anaogopwa nani, na kwa nini?

Wallahu aalam.