Ramani ya Dhana: Chombo cha Kujifunza kwa Kuelewa

Mara nyingi mwanafunzi hujibu vema maswali ya mtihani, na baada ya majuma machache hakumbuki lolote. Akiulizwa jambo lile lile kwa maneno mengine, hukwama. Si kwamba hakusoma. Alikariri, na aliyoyakariri hayakushikamana na chochote alichokuwa anakijua. Katika makala hii tunapenda kuwafafanulia wazazi, walimu na makatekista juu ya ramani ya dhana, chombo chepesi kinachoonesha kama mwanafunzi ameelewa au ameshika maneno tu.

Chimbuko lake

Ramani ya dhana ilibuniwa mwaka 1972 katika Chuo Kikuu cha Cornell, nchini Marekani, na Joseph Novak pamoja na wenzake. Walikuwa wakifuatilia kwa miaka mingi jinsi watoto wanavyoelewa sayansi, wakiwahoji mara kwa mara. Mahojiano yalijaza kurasa nyingi, ikawa vigumu kutambua ni nini hasa kimebadilika katika uelewa wa kila mtoto. Ndipo walipoamua kuyaweka mawazo ya mtoto katika mchoro mmoja. Kilichoanza kama msaada kwa watafiti kikawa msaada kwa wanafunzi wenyewe.

Novak alijenga juu ya mafundisho ya mwanasaikolojia David Ausubel, aliyeshikilia kwamba jambo lenye uzito kuliko yote katika kujifunza ni yale ambayo mwanafunzi anayajua tayari. Ujuzi mpya hudumu unapopata pa kujishikiza katika ujuzi wa awali. Hilo ndilo aliloliita kujifunza kwenye maana. Tena, kwahitaji utashi: mwalimu hawezi kuelewa kwa niaba ya mwanafunzi.

Sehemu zake

Kila dhana, kwa mfano “mmea” au “maji”, huandikwa ndani ya kisanduku. Dhana pana hukaa juu, zilizo finyu hukaa chini. Visanduku huunganishwa kwa mstari, na juu ya mstari huandikwa maneno yanayoeleza uhusiano wake, ili dhana mbili na maneno hayo yasomeke kama kauli kamili: mizizi – hufyonza – maji. Ipo pia mistari inayovuka kutoka upande mmoja wa ramani hadi mwingine. Hiyo huonesha kwamba mwanafunzi ameona uhusiano kati ya mambo aliyofundishwa mbalimbali.

Uzito uko kwenye mistari

Mtoto aweza kutamka bila kukosea kwamba usanisinuru ni njia ambayo mmea hujitengenezea chakula. Sasa tumpe maneno haya ayaunganishe: mmea, mizizi, majani, maji, hewa, mwanga wa jua, chakula. Huenda akaandika: mizizi – hufyonza – chakula. Kumbe bado anaamini kwamba mmea hula udongo! Fasili aliyoikariri ilificha kosa. Mstari mmoja umelifichua. Mwalimu mwenye busara hatalifuta upesi, bali atauliza: “Ikiwa chakula hutoka udongoni, majani yana kazi gani?” Mtoto akirekebisha mstari huo mwenyewe, amejifunza.

Namna ya kuanza

1. Chagueni swali moja ambalo ramani itajibu, kwa mfano: “Mmea hupataje chakula?”
2. Orodhesheni dhana zinazohusika. Kwa kawaida 15 hadi 25 hutosha. Wanaoanza watumie chache zaidi.
3. Andikeni kila dhana kwenye kipande cha karatasi, ili iwe rahisi kuvipanga na kuvipangua.
4. Chora mistari na kuandika maneno ya kuunganisha.
5. Someni kila kauli kwa sauti na kujiuliza: je, ni kweli?
6. Rekebisheni na kuchora upya. Ramani ya kwanza ni nadra kuwa ya mwisho.

Darasa likiwa na wanafunzi wengi, wagawanywe katika vikundi vya watu wanne au watano. Mabishano yao juu ya neno la kuandika kwenye mstari ni sehemu ya somo.

Tahadhari

Mwalimu akichora ramani ubaoni na wanafunzi wakainakili, tumerudi kwenye kukariri kwa sura mpya. Aidha, hakuna ramani moja sahihi kwa wote. La kupimwa ni ukweli wa kila kauli. Wala hatudharau kumbukumbu: majedwali ya kuzidisha na maneno ya sala yataendelea kushikwa kwa moyo. Lakini yanayoshikwa kwa moyo yanahitaji pia kueleweka.

Basi, mtoto atakaporudi nyumbani na daftari lake, tusiridhike kumsikia akirudia maneno ya mwalimu. Tumpe karatasi tupu na kumwomba atuoneshe jinsi maneno hayo yanavyoungana.