Masafa mafupi yaendayo mbali

Watu wa Mbulu na Hanang wanayajua masafa kwa miguu. Mwaka 1968 John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka akaumia goti katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico, lakini akaumaliza mwendo, wa mwisho, mguu umefungwa bendeji. Mwaka 1978 Gidamis Shahanga wa Hanang alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton, Kanada. Hayo ni masafa marefu, yaani umbali mrefu, basi.

Katika redio neno hilohilo lina maana nyingine. Masafa si mwendo wa sauti toka studio hadi kwako, bali ni urefu wa wimbi moja, toka kilele hadi kilele. Wimbi la masafa ya kati lina mita mia kadhaa. La masafa mafupi ni mita 10 hadi 100. La FM ni kama mita tatu tu.

Ajabu ni kwamba masafa mafupi ndiyo yaendayo mbali. Hupaa angani, yakagonga tabaka la juu lenye chembe za umeme, yakarudi ardhini mamia au maelfu ya kilomita toka yalikoanzia, bila kujali mlima uliopo katikati. Kwa masafa hayo na yale ya kati, Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopata jina hilo mwaka 1965, iliwafikia wananchi wa mbali. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujifunza kujikinga na maradhi.

FM ina sauti safi zaidi, lakini wimbi lake huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Mlima Hanang, wenye mita zaidi ya 3,400, na kuta za Bonde la Ufa huliziba. Aliye nyuma yake hubaki kivulini mpaka ajengewe mnara wake.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe ya mlima huo yaliporomokea Katesh na vijiji jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Siku kama hiyo hakuna anayeuliza sauti ni safi kiasi gani. Swali ni moja: imefika wapi? Basi kila tunapozima mtambo wa zamani, kwanza tumuulize aliye nyuma ya mlima.